Bahari Ikichafuka: Karata Kali Kwenye Meza ya Hatari

Wazee wetu, kaka zangu na dada zangu, habari za jioni. Asanteni kwa kunialika. Nimepewa nusu saa kabla karata za poka hazijagawiwa, na nimeachiwa nichague mada mwenyewe. Nimechagua jambo lililonitoa mashindanoni mara nyingi kuliko jambo lingine lolote. Umekaa saa tatu unatupa karata mbovu. Hatimaye unapewa ree mbili. Unapandisha dau, mtu mmoja analipa kiasi hicho hicho, karata tatu za kwanza kati ya tano za mezani, zile ambazo kila mtu anaziunganisha na mbili zake za mkononi, zinafunuliwa, na badala ya kufurahi unasikia tumbo linakaza. Mezani zimelala 9 ya shupaza, 8 ya shupaza na 3 ya uru.

Mimi ni mtoto wa mvuvi, Tanga. Marehemu baba alikuwa akitoka alfajiri, na kabla ya kushusha ngalawa husimama mchangani kimya, akaitazama bahari. Ngalawa yake aliijua. Ilikuwa nzima jana na ni nzima leo. Alichokuwa akikitafuta ni hali ya maji. Bahari ikiwa shwari, ngalawa ile inafika mbali. Ikichafuka, ngalawa ni ile ile, nahodha ni yule yule, lakini safari ni nyingine kabisa. Nilipoanza kucheza poka ya mashindano maneno hayo yalinijia yenyewe, na ndiyo ninayoyatumia hadi leo: meza shwari, na meza iliyochafuka.

Meza shwari ni kama mfalme wa kopa, 7 ya pau na 2 ya uru. Aina tatu mbalimbali, na namba zimeachana. Aliye nyuma yako hapo ataendelea kuwa nyuma, maana ni karata chache mno za kumwokoa. Meza iliyochafuka ni ile ambayo karata zake zinaitana: namba zinafuatana, au mbili tatu ni za aina moja, hata karata yoyote ijayo inaweza kumtengenezea mtu mfululizo, yaani namba tano zinazofuatana, au flashi, yaani karata tano za aina moja. Ree zako hazijabadilika hata kidogo. Maji ndiyo yamebadilika.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nairobi, tumebaki watu 14, na wanaolipwa ni 12. Blaindi, yaani madau ya lazima ya watu wawili, ni 2,000 na 4,000, na mwenye blaindi kubwa anaweka anti, mchango wa lazima wa ziada, ya 4,000 kwa niaba ya meza nzima. Nina chipu 100,000. Nikapewa ree mbili nyekundu, ya kopa na ya uru. Nikapandisha hadi 9,000. Bwana mmoja wa makamo, mtaratibu, aliyekuwa kwenye blaindi kubwa na chipu nyingi kuliko zangu, akalipa. Chungu, yaani chipu zote zilizokwisha kuwekwa katikati, kikawa 24,000. Zikafunuliwa hizo nilizozitaja: 9 na 8 za shupaza, 3 ya uru.

Akagonga meza, yaani akapita bila kuweka dau. Nikaweka 6,000, robo ya chungu. Kwa nini kidogo hivyo? Kwa sababu nilitaka abaki. Nilikuwa na ree mbili baada ya saa tatu za ukame, na nilichoogopa kuliko vyote ni kwamba atatupa karata zake na mimi niambulie kidogo. Akalipa. Chungu kikawa 36,000. Karata ya nne ikawa 2 ya pau. Akagonga tena. Nami nikagonga, nikijiambia kwamba namtega. Karata ya tano ikawa 4 ya shupaza.

Safari hii hakugonga. Alihesabu chipu za 24,000 kwa vidole viwili, safu moja baada ya nyingine, akazisogeza mbele taratibu, kisha akakaza safu ya mwisho isianguke. Nilijua. Nilijua kabla hajaondoa mkono wake juu ya zile chipu. Nikalipa hata hivyo, maana moyoni nilikuwa nasema ree ni ree. Akafunua 10 na ghulamu, zote za shupaza.

Usiku ule nilitandaza karata kitandani nikaanza kuhesabu. Baada ya zile tatu za kwanza, shupaza zilizobaki ambazo zingempa flashi zilikuwa 9. Nje ya shupaza, zilikuwapo 7 tatu na malkia watatu wa kumkamilishia mfululizo. Jumla 15. Mtu mwenye karata 15 za kumwokoa, na karata mbili bado hazijafunuliwa, ana nafasi ya kidogo zaidi ya nusu ya kukupita. Kwa hiyo pale nilipojiona mfalme, nilikuwa nyuma yake kwa nywele, na nilimtoza nauli ya 6,000 kwa safari ya 24,000.

Baada ya 2 ya pau mambo yaligeuka. Ilibaki karata moja tu ya kufunuliwa, na nafasi yake ikashuka hadi 15 kati ya 44, yaani asilimia 34. Hapo mimi ndiye niliyekuwa mbele, mbele sana. Na hapo ndipo nilipogonga meza nikampa karata bure. Ningekuwa nimeweka 16,000 mwanzoni, chungu kingefika 56,000 na mimi ningebaki na 75,000. Ningezisukuma zote kwenye karata ya nne, angetakiwa alipe 75,000 kugombea 131,000. Ili malipo hayo yamfae anahitaji kushinda zaidi ya asilimia 36. Ana 34. Na wakati huohuo tumebaki 14, wanalipwa 12, naye pia ana cha kupoteza.

Naomba nisieleweke vibaya. Huenda angelipa, na 4 ya shupaza ikaja ile ile, na mimi ningetoka wa 14 bila hata shilingi. Hilo nalikubali kwa moyo mmoja. Lakini kule kungekuwa kushindwa na karata. Usiku ule nilishindwa na mikono yangu: dau dogo, karata ya bure, halafu malipo ya mwisho yaliyotokana na mapenzi.

Tangu siku ile nimeacha kujiuliza nina nini. Karata zangu nimeziona, nazijua, hazina habari mpya. Ninachojiuliza ni nani atakayenilipa, na kati ya hao watakaonilipa, nawashinda wangapi. Rudini kwenye mkono ule. Zilipofunuliwa tatu za kwanza, nani angelipa 16,000? Mwenye 9 yoyote nzuri, mwenye jozi ya 10 au ya ghulamu, mwenye 10 na 9, na kila mwenye kusubiri shupaza au mfululizo. Wengi wao nawashinda, au wanalipa bei isiyowafaa. Lakini ilipoanguka 4 ya shupaza, nani anaweka 24,000 mbele ya mtu aliyepandisha tangu mwanzo? Mwenye 9 moja haweki. Anagonga meza na kuomba Mungu. Anayeweka ni mwenye flashi, na mara chache ni mtu asiye na kitu anayetishia. Ree zile zile, lakini mwanzoni zilikuwa na wateja tele, na mwishoni zilikuwa na mteja mmoja tu aliyekuja kunidai.

Ndiyo maana nasema kwenye meza iliyochafuka chipu huwekwa mapema. Hili si suala la ujasiri, ni suala la bei. Mwenye kusubiri flashi ana karata 9 kati ya 47 asizoziona, yaani asilimia 19 kwa karata moja inayofuata. Chungu kikiwa 1,000 nawe ukaweka 250, analipa 250 kugombea 1,250, na anachohitaji ni asilimia 17 tu. Umemuuzia kwa hasara. Ukiweka 500 anahitaji asilimia 25, na hapo kila akilipa anakuachia faida kidogo, hata siku ile shupaza inapokuja. Mimi kwenye meza za namna hii huanzia theluthi mbili za chungu. Dau la robo lina mahali pake, kwa mfano zikianguka tatu zote za aina moja, ambapo kila mtu anaogopa na hakuna atakayelipa kikubwa ila aliyekwisha kukushinda. Lakini hapo una hakika unachokifanya, hauombi abaki.

Sasa kuna mzee mmoja pale nyuma ananitazama kama anayetaka kusema kwamba kwenye mchezo wa fedha taslimu mambo siyo haya. Kweli, mzee wangu, siyo. Mashindanoni chipu unayoipoteza ni ghali kuliko chipu unayoipata, na mfano mzuri kuliko wote ninaoujua ni wa Las Vegas, mwaka 2003, kwenye shindano kuu la World Series of Poker, mashindano ya poka yanayojulikana duniani kote, pale kasino ya Binion's Horseshoe. Waliingia watu 839, kila mmoja kwa kiingilio cha dola 10,000. Jumla dola milioni 8.39. Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyepata tiketi yake kupitia shindano dogo la intaneti, alimaliza akiwa na kila chipu iliyokuwa kwenye ukumbi ule. Chipu zote, asilimia mia. Fedha alizoondoka nazo ni dola milioni 2.5. Nyingine zilikwenda kwa waliomtangulia kutoka. Chipu zako zikiongezeka mara mbili, fedha zako haziongezeki mara mbili. Lakini ukizipoteza zote, fedha zako zinaisha zote. Hesabu hiyo haina huruma, na inakaza zaidi kadiri mnavyokaribia kulipwa.

Kwa hiyo kabla sijaweka dau lolote natazama vitu viwili: chungu kina ngapi, na kati yetu mwenye chipu chache amebakiwa na ngapi. Ukiwa na chipu za kutosha blaindi kubwa 25, jozi kubwa kuliko karata zote za mezani ni karata ya kuweka zote, hata maji yakiwa machafu, kwa sababu chungu ni kikubwa ukilinganisha na ulichobaki nacho, na watu watakulipa kwa jozi ndogo. Ukiwa na blaindi 200 asubuhi ya siku ya kwanza, jozi hiyo hiyo ni karata ya kuchukulia chungu kidogo. Mtu akikubali kuweka blaindi 200 mbele ya jozi yako kwenye meza ya 8, 9, 10, msiniulize anacho nini.

Tuendelee na mwaka ule wa 2003, maana fainali yake ni darasa zima. Moneymaker na Sam Farha wamebaki wawili. Farha ana malkia wa shupaza na 9 ya kopa. Mezani zikaja 9 na 6 za shupaza na 2 ya uru, ikafuata 8 ya shupaza, ikamalizia 3 ya kopa. Moneymaker akasukuma zote. Mkononi alikuwa na mfalme wa shupaza na 7: hakutengeneza flashi, hakutengeneza mfululizo, hana hata jozi. Farha alikuwa na jozi ya juu kabisa ya mezani. Alifikiri, akazitupa.

Wengi humcheka Farha. Mimi simcheki. Meza ina shupaza tatu, mwenye 10 na 7 ana mfululizo, mwenye 7 na 5 ana mfululizo, na uhai wake wote mashindanoni uko hatarini kwa jozi moja. Tukitaka kumkosoa, tumkosoe kwa kitu kimoja: malkia wa shupaza alikuwa mkononi mwake. Shupaza uliyoishika wewe hawezi kuishika mwenzako. Flashi za mwenzako zinapungua, na wanaotishia wanabaki pale pale. Ndiyo maana kwenye meza yenye shupaza tatu, ree mbili zenye ree ya shupaza na ree mbili zisizo nayo ni karata mbili tofauti kabisa. Mimi usiku wa Nairobi nilikuwa na za kopa na uru. Sikuwa nimeshika kitu chochote alichokuwa akikihitaji yule bwana.

Mkono wa mwisho wa fainali ile unafundisha upande wa pili. Mezani ghulamu, 5 na 4. Farha ana ghulamu na 10. Moneymaker ana 5 na 4, jozi mbili ndogo. Hakutega. Alipandisha, Farha akasukuma zote, naye akalipa papo hapo. Angalieni kilichofuata. Mwanzoni Farha alikuwa na karata 5 za kumwokoa moja kwa moja: ghulamu wawili na 10 tatu. Karata ya nne ikawa 8. Inaonekana haina maana yoyote, sivyo? Lakini sasa 8 nyingine ingempa Farha jozi ya ghulamu na jozi ya 8, na zile 5 na 4 za mwenzake zingekuwa takataka. Kutoka karata 5 zikawa 8. Hivyo ndivyo jozi mbili ndogo zinavyokufa: si lazima aje mtu na flashi, meza yenyewe inaweza kujirudia na kuzimeza. Mwenye jozi mbili ndogo akitega, anatega na mguu wake mwenyewe ukiwa ndani. Safari ile ikaja 5, Moneymaker akapata fulu hausi, yaani tatu za namba moja na mbili za namba nyingine, na historia ya mchezo huu ikageuka. Mwaka uliofuata waliingia watu 2,576.

Najua mtaniletea habari za Johnny Chan. Mwaka 1988, fainali hiyo hiyo kubwa, Chan anatetea ubingwa wake mbele ya kijana Erik Seidel. Mezani malkia, 8 na 10. Chan ana ghulamu na 9, mfululizo uliokwisha kamilika. Akakaa kimya, akamwacha Seidel mwenye malkia na 7 ajisukume mwenyewe hadi mwisho. Ni mkono mzuri na nimeupenda tangu nilipouona mara ya kwanza. Lakini wanaouiga wanasahau hali ilivyokuwa. Walikuwa wawili tu mezani. Chan alikuwa na karata ambayo wakati ule hakuna nyingine iliyoweza kuishinda. Na mwenzake alikuwa na jozi ya juu, yaani kitu cha kumpa ujasiri wa kuweka fedha mwenyewe. Ondoa hata moja kati ya hayo matatu, weka watu wanne kwenye chungu badala ya mmoja, halafu kaa kimya na ree zako: wanne hao wote wanapata karata ya bure, na mmoja wao itamfaa.

Nimebakiza mkono mmoja, na huu ndio unaoniuma kuliko wote kwa sababu aliyeshindwa hakukosea kama nilivyokosea mimi. Mwaka 2017, shindano hilo hilo kuu, siku ya kwanza, ngazi ya kwanza ya blaindi. Watu wana chipu 50,000 na blaindi ni 75 na 150. Vanessa Selbst, mmoja wa wachezaji wakali kabisa wa kizazi chake, ana ree mbili. Mezani ikaja ree ya pau, 7 ya uru, 5 ya pau. Ana ree tatu. Karata ya nne, 7 ya pau: fulu hausi, ree tatu na 7 mbili. Karata ya tano, 4 ya uru. Mbele yake yuko Gaëlle Baumann wa Ufaransa, na chipu zote za Selbst zikaingia katikati. Baumann akafunua 7 mbili. Pamoja na mbili za mezani zilikuwa 7 nne, nazo zinaishinda fulu hausi. Selbst akatoka mashindanoni kabla hata kiti hakijapata joto.

Sasa tufanye ile hesabu ya wanaolipa. 7 zilizokuwa hazijaonekana ni mbili tu, ya kopa na ya shupaza, kwa hiyo kuna namna moja tu ya kuwa na 7 mbili. Jozi ya 5 ina namna tatu. Ree na 7 ina namna mbili, kwa kuwa ree iliyobaki ni moja. Hizo mbili za mwisho ni fulu hausi, ile ya kwanza ni 7 nne, na Selbst anazishinda zote isipokuwa ile moja. Kwenye karatasi, tano kwa moja. Angekuwa na blaindi 30 nisingepoteza hata dakika kuujadili mkono huu. Lakini alianza na zaidi ya blaindi 300. Je, mchezaji makini anaweka blaindi 300 na jozi ya 5 mbele ya mwanamke kama Selbst, kwenye meza yenye ree na 7 mbili? Akiweka mara zote, kulipa ni halali. Akiweka mara moja moja tu, ile namna moja ya 7 mbili inazidi kuwa nzito, ingawa bado ni moja. Mimi ningelipa. Nimeufikiria mkono huo kwa miaka na bado nasema ningelipa, lakini sasa naweza kusema kwa nini, na naweza kusema ni kwa chipu ngapi ningeanza kusita.

Jamaa wa kugawa karata wananionyesha saa. Tuna dakika kumi. Nimekuja na seti mbili za karata, ziko hapa. Naomba watu wanne wa meza ya dirishani wasogee. Nitafunua 9 na 8 za shupaza na 3 ya uru, nitawapa ree mbili nyekundu, na kila mmoja atanitajia kwa sauti karata zote ambazo yeye angelipa nazo 16,000 akiwa kwenye blaindi kubwa. Dada yangu, anza wewe.